Geti Lililoona Chuma Tu

Dereva yule alipigwa kwa sababu yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia kisa hiki nikianzia pale nilipomwokoa.

Nilikuwa naosha malori nje ya bandari kavu moja upande wa Zuzu, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na makontena yakaanza kuonekana Dodoma. Shule niliiacha darasa la tano. Nilikwishapita Singida, Manyoni na Kongwa, na sikuwahi kukaa mahali mwaka mzima. Hapo nilikaa kwa sababu ya geti.

Halikuwa na bawabu. Lori lilitoka yadi likaingia kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa wavu, geti la nyuma likateleza likajifunga, la mbele bado limefungwa. Chini ya zege kulifukiwa waya uliotambua kwamba chuma kimefika. Hapo kamera ilisoma namba mgongoni mwa kontena na kuilinganisha na ile aliyoiandika karani ofisini. Zikilingana, taa ya kijani inawaka na geti la mbele linafunguka. Zisipolingana, king'ora kinalia.

Malori yaliyokuwa yakiingia yalikuwa na waya wao, upande wangu wa barabarani, nje ya geti hilohilo la mbele, na huo haukuuliza namba. Nilijua, kwa sababu siku moja nilisukuma toroli langu la chuma juu yake nione itakuwaje. Geti likafunguka lote. Nilipoliondoa toroli, likarudi kwa nguvu, nusura linibane mguu. Mkuu wa walinzi, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, alinizaba kofi nikaona nyota.

"Unachezea mtambo, mbwa wewe?"

Shavu lilinivimba, lakini nilikuwa nimejifunza kitu: geti lile liliona chuma tu. Mtu halikumwona.

Walinzi walilichukia. Kabla geti halijawekwa walikuwa wengi, wakipekua kila lori na kuheshimiwa na kila dereva. Sasa walibaki wanne, kazi yao kusubiri king'ora. Kikilia, walipita kimlango cha upande wa yadi wakakimbilia njia ile na marungu kama watu walioitwa ngomani.

Sisi waoshaji tulikuwa na mtindo wetu. Baada ya maji tulipitisha kitambaa chenye oili chafu, ili hata bati kuukuu ling'ae. Asubuhi moja alikuja dereva wa Nkuhungu, Mgogo mpole aliyezoea kunisalimu "mbukwa" ingawa mimi si wa huko. Alikuwa na kontena tupu, anakwenda kupakia alizeti ndani ya yadi.

"Ling'arishe, mdogo wangu. Tajiri leo yupo."

Nikaling'arisha lote, mpaka juu ya namba.

Mchana upepo wa Dodoma ukavuma. Vumbi jekundu lilijaa yadi na kuganda kwenye oili. Dereva alipoingia kwenye njia ya wavu na mzigo wake, king'ora kikalia, walinzi wakaja mbio.

"Mwizi! Kontena si lake!"

"Jamani, karatasi hii hapa! Someni!"

"Mashine imeshasoma," Afande alisema, akamvuta mguu kutoka kwenye kabini. Kidevu cha dereva kiligonga ngazi ya lori. Nilisikia meno.

"Shikamoo, Afande. Shikamoo, baba yangu. Nina watoto."

"Marahaba," Afande akaitikia, akampiga rungu la mdomo.

Wenzake wakamkanyaga mbavu. Mmoja alichukua spana ndani ya kabini ya dereva mwenyewe na kumpiga nayo sikioni. Damu ilitoka nyingi, ikachora zege. Nilizunguka pembeni mwa wavu nikaona mgongo wa kontena: tatu niliyoipaka oili ilikuwa imezibwa na vumbi, imekuwa nane.

"Ni oili! Futeni namba!"

"Funga bakuli, au tukugeukie na wewe!"

Dereva alikuwa ameacha kujikinga. Nikakimbilia toroli, nikalisukuma juu ya waya. Geti la mbele likafunguka. Nikamshika ukosi wa shati na kumburuta nje kama gunia. Afande akatufuata, rungu juu, mkono umetangulia. Nililipiga toroli teke likatoka kwenye waya. Nilijua kitakachotokea. Geti likarudi, likaubana mkono wake kwenye nguzo, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipiga yowe kushinda king'ora.

Karani alikuja mbio na kitambaa chenye mafuta ya taa, akaifuta namba mara moja. King'ora kikanyamaza. Taa ya kijani ikawaka, geti likafunguka taratibu, likauachia mkono na kulisubiri lori ambalo dereva wake nilikuwa nimempakia kwenye toroli.

Alipona. Alirudi baada ya wiki nyingi, hana meno ya mbele, na ilibidi nisimame upande wake wa kulia ndipo anisikie.

"Nasikia wewe ndiye uliyenitoa."

"Ndiyo, kaka."

Alikitazama kitambaa mkononi mwangu.

"Na oili alipaka nani?"

Ningeweza kusema yeyote. Tulikuwa waoshaji wengi.

"Mimi."

Alininyang'anya kitambaa, nikafumba macho nikingoja ngumi. Nilipofumbua, kitambaa kilikuwa mtaroni na yeye ameketi kwenye ngazi ya lori.

"Osha," alisema. "Maji matupu."

Nikaosha. Aliniangalia mpaka nikamaliza namba ya mwisho.