Salfa Iliyoingia kwenye Laptopu

Mwaka ule maua ya mikorosho yangu yalikufa kwa sababu laptopu ya chama cha msingi iligoma kuwaka. Watu husema ulikuwa ubwiri unga. Ugonjwa ulikuja, sikatai, lakini mlango uliukuta wazi. Aliyeufungua ni katibu wetu, na sioni haya kumtaja.

Soko huria lilishatuzoesha: kila msimu na utaratibu wake. Safari hii tuliambiwa salfa, ule unga wa kupulizia maua yasipate ubwiri, haitoki mpaka jina la mkulima lionekane kwenye laptopu. Daftari la zamani katibu alimpa mama muuza maandazi afungie biashara yake. Ukurasa wenye jina langu niliupata kwa maandazi mawili, umelowa mafuta. Nikauweka mfukoni.

Siku ya kugawa tukajaa barazani, pale ofisini, njia ya Kitangari. Mashambani maua yalikuwa yanafunguka. Mifuko ya salfa tuliiona dirishani, imepangwa mpaka juu. Katibu akabonyeza laptopu. Kitaa kikapepesa, kikazima. Akabonyeza tena. Kimya.

"Imechoka hiyo," mwenyekiti akasema. "Jana imetoka Masasi na barabara ile. Hata mimi kiuno kinauma."

Basi tukaipumzisha. Ikalazwa kwenye mkeka kivulini, ikafunikwa kanga, na sisi watu wazima tukanong'ona kama tumekuja kumwona mgonjwa. Adhuhuri ikafunuliwa. Ilikuwa vilevile.

Nikamfuata katibu. Huyu bwana tuliingia naye jando moja, tukalala kumbi moja, tukalia siku moja. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi unanijua. Nipe mfuko mmoja tu, maua hayangoji."

"Mimi nakujua," akajibu, macho kwenye laptopu. "Yeye ndiye hajakujua."

Nikamtolea karatasi yangu ya maandazi. Akaisoma, mwandiko wake mwenyewe, akanirudishia. "Huo ni mfumo wa zamani."

Hapo akainuka fundi wa mabomba ya kupulizia mikorosho. "Mashine ni mashine," akasema. "Hii imeziba vumbi." Akajitwika bomba lake mgongoni, akaelekeza mpira wake kwenye vitundu vya ubavuni mwa laptopu. Katibu akaishika kwa mikono miwili isipeperuke.

Bibi mmoja akauliza, "Mjukuu wangu, hilo bomba ulilitoa salfa ya msimu uliopita?"

"Bibi, sogea huko, haya ni mambo ya kitaalamu."

Akavuta kamba. Bomba likanguruma na baraza lote likapotea kwenye wingu la njano. Lilipotulia, laptopu ilikuwa ya njano kama kifaranga, na katibu naye, anapiga chafya bila kituo. Bibi akasema, "Sasa huyo hapati ubwiri." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikayakumbuka maua yangu. Salfa pekee iliyogawiwa siku ile aliipata laptopu.

Kabla ya kuondoka nilizoa iliyomwagika sakafuni, nikaifunga kwenye ile karatasi ya maandazi. Ilitosha mkorosho mmoja, ule wa nyuma ya jiko. Nikaukung'utia kwa kitambaa.

Mwenyekiti akaipeleka laptopu Masasi. Fundi wa huko akachomoa kidude kimoja, akakisugua kwa kifutio cha penseli, akakirudisha, ikawaka. Kazi ya mchana mmoja tu. Lakini mwenyekiti alikuwa na harusi Nanganga, na baada ya harusi akakuta matanga, na aliporudi zilikuwa zimepita wiki tatu. Jina langu lilikuwemo, la nne kutoka juu. Nikakabidhiwa mfuko wangu kwa makofi. Shambani maua yalikuwa yameshavaa unga mweupe, yamejikunja, yanadondoka.

Ulizaa mkorosho wa nyuma ya jiko peke yake.

Msimu wa kuuza nikapeleka debe langu moja. Katibu akanitokea na tabasamu, mikono wazi. "Karibu, ndugu yangu wa jando!"

Nikatua debe chini. "Mwulize laptopu kwanza."

Akadhani ni utani. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, nami sikusogea. Mwishowe akaketi, akaifungua, akabonyeza, akangoja. Kisha akaanza kushuka na kidole, jina kwa jina, ananitafuta.