Cheti cha Mwalimu wa Zizini

Baba alitufundisha nyumbani, kule Samuye, kwa sababu shule ilikuwa mbali, na pia kwa sababu hakumwamini mwalimu asiyefuga. Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili, lakini alifundisha kwa sauti ya mtu aliyeigundua hesabu. Tulikaa kando ya zizi, na kila hesabu ilikuwa ya ng'ombe.

Siku moja akaja mkaguzi wa elimu, soksi zimempanda hadi magotini, akataka kuona cheti cha mwalimu. Baba akamwonyesha sisi watoto. Mkaguzi hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Zizini kuna ng'ombe kumi. Watatu wakitoka, wanabaki wangapi?"

"Kumi," nikajibu. "Hao watatu watarudi jioni."

Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, kisha akaagiza nipelekwe shule ya bweni, kwa walimu wenye vyeti.

Miaka ikapita, cheti nikakipata mimi. Na nakiri kwamba mkaguzi hakukosea, maana watoto hawawezi kuachiwa kila mwenye zizi. Nilipoanza kazi, Baba alikuja kunisikiliza, akajibana kwenye dawati la nyuma. Kwa makusudi nikaliuliza darasa swali lile lile.

"Saba," wakajibu wote kwa pamoja, nami nikawasifu.

Baba akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "na hao watatu, nani amekwenda kuwatafuta?"