Neno la Siri la Marehemu

Kampuni ilisema haijui, ikaaminiwa. Mimi nilisema sijui, nikaletewa msahafu.

Nilikuwa ndani ya eda. Mume wangu alishikwa na homa ghafla, akavushwa kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, akapelekwa Mombasa, akarudi maiti. Simu yake ilipotea katika safari hiyo na hatukuiona tena. Nami nikakaa ndani miezi minne na siku kumi kama ipasavyo: sitoki, sijipambi, sionekani na mwanamume asiye maharimu yangu. Wageni huzipenda nyumba zetu za Amu, kisiwani Lamu, ati kuta zake nene zina ubaridi mzuri. Wafungiwe humo miezi minne, kisha waje tuzungumze.

Humo ndani nilikuwa na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa haoni tangu kabla sijaolewa. Kila Alhamisi jioni mume wangu alikuwa akimsomea Yasini, na akisafiri kikazi alijirekodi kabla ya kuondoka ili mamake asikose. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, bibi huyu aliniomba jambo moja tu.

"Mato yamekwenda," alisema, "lakini mashikio yangalipo. Nataka nimsikie mwanangu akinisomea kabla sijamfuata."

Rekodi zilikuwepo. Tatizo ni mahali zilipokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta, na mtu mwenye wasiwasi kama yeye sijapata kumwona. Kitu cha maana hakukiweka ndani ya mashine, kwa sababu hewa ya chumvi ya kwetu hula mashine. Aliviweka vyote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Neno la siri la hifadhi hiyo, la barua pepe na mengine yote akayatia kwenye programu ya kutunzia maneno ya siri, na programu yenyewe ikafunguliwa na neno moja kuu, lililokuwa kichwani mwake. Hata namba ya simu ya kujiokolea alikataa kuiweka, kwa kuwa laini huibiwa. Haya, laini haikuibiwa, kafa mwenyewe.

Siku moja tukila nilimwuliza: na hao wenye programu wakiamua kukusoma? Akacheka.

"Hawawezi. Neno langu kuu halitoki kwenye laptopu hii. Hapa hapa linageuzwa ufunguo, ufunguo unavivuruga vyote, na kinachokwenda kwao ni mavurugiko matupu. Wao wametunza sanduku, ufunguo hawajauona. Mwizi akiwaibia, kaiba takataka. Serikali ikiwabana, hawana la kusema."

"Na ukisahau?"

"Basi, kwisha."

Ukifa je, hilo sikumwuliza. Nani humwuliza mumewe hivyo na mkono umo kwenye sahani?

Shemeji yangu, kakake marehemu, hakukubali. "Hakuna kufuli lisilokuwa na ufunguo wa pili," alisema kutoka dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa nje, mimi nikiwa nyuma ya mlango kwa sababu ya eda. Akawaandikia kampuni, akaambatisha cheti cha kifo na waraka wa mirathi kutoka kwa kadhi. Jibu likaja la adabu kabisa. Walitupa pole. Neno hilo hawana, hawajapata kuwa nalo, na hata mahakama ikiwalazimisha hawawezi kulitengeneza, na wakaeleza kwa kirefu jinsi mitambo yao inavyofanya kazi. Shemeji aliisoma barua mara mbili kwa sauti.

"Hawa kweli hawajui," alisema. Kisha akaikunja barua. "Basi anayejua ni mmoja."

Eti mimi! Watu wasiomjua hata sura wameaminiwa kwa barua, na mimi niliyekula naye sahani moja nikawa mwongo. Kampuni ilikuwa na mitambo ya kuthibitisha kutojua kwake. Mimi ningethibitisha kwa kitu gani? Ningekipasua kichwa wachungulie? Mawifi wakasema mke na mume hulala mto mmoja, hawezi kukosa kujua. Mwingine akasema kuna jambo langu humo nisilotaka lionekane. Neno likitoka mtaa wa Mkomani asubuhi, adhuhuri limeshafika mtaa wa Langoni, na mimi siwezi hata kutoka kizingitini nikamjibu mtu mmoja. Nililia kwa hasira zaidi ya nilivyolia kwa msiba, na Mungu anisamehe.

Mwishowe, baada ya sala ya alasiri, wifi mkubwa aliingia na msahafu. Shemeji alikuwa dakani akisikiliza. Mama mkwe aliketi kitandani.

"Apa kuwa hujui."

Nikatia udhu, nikaweka mkono. Wallahi, billahi, tallahi, neno hilo silijui. Ilikuwa kweli tupu.

"Basi, yameisha," mama mkwe akasema. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza, hata yeye. Alhamisi zilipofika aliketi na tasbihi yake, akinyoosha shingo kila mlango ulipolia.

Majuma kadhaa yalipita. Mchana mmoja mchukuzi alileta unga, akabisha, "Hodi wenyewe!" Nikasimama hapo, kwani nilikumbuka kuwa mume wangu hakuwa mtu wa kubisha hodi. Tangu fungate alikuwa na sentensi yake moja, ndefu, ya kipuuzi, ya kunitania, ambayo aliisema chini chini kwenye mlango wa chumbani ili mamake asisikie. Sitaiandika hapa, ni yangu. Na huyu huyu ndiye aliyekuwa akiwahubiria wateja wake kuwa neno zuri la siri ni sentensi nzima isiyopatikana kwenye kitabu chochote. Nikauacha unga mlangoni. Nikaifungua laptopu yake iliyobaki chumbani, nikaiandika sentensi ile, na sanduku likafunguka.

Ya Rabbi! Nilicheka, nikalia, nikaziba mdomo kwa leso. Kumbe alilowaficha wezi na serikali ni mambo yetu ya chumbani.

Kisha nikakumbuka kiapo changu. Nani ataamini kuwa siku ile sikujua na leo najua, na neno lenyewe ni la mlangoni mwangu? Nikawaza niseme uongo, kwamba kampuni imetuhurumia ikalitafuta. Lakini barua yao shemeji ameshawasomea watu hata nje ya msikiti, na mji mzima unajua kuwa hawawezi. Nikinyamaza, mama wa watu atakufa na kiu yake. Nikisema, nimekula yamini ya uongo mbele ya ukoo wote. Nilikuwa nimefungiwa na kuta, na sasa nikafungiwa na ukweli wangu mwenyewe. Nilikaa nao siku kadhaa, sili nikashiba.

Alhamisi iliyofuata mama mkwe aliusukuma mkate wake wa sinia bila kuuonja. "Acha tu, mwanangu," alisema. "Sina hamu." Mkono wake ulikuwa umekonda, ngozi imebaki kwenye mfupa. Nikaona hapa hakuna tena cha kungoja.

Nikaileta laptopu, nikaiweka kitandani kando yake, nikabonyeza. Mume wangu akakohoa, akapiga bismillahi, akaanza Yasini. Mama mkwe hakushtuka wala hakuuliza. Alifumba macho yake yasiyoona, midomo ikamfuata aya kwa aya hadi mwisho, na mwisho marehemu akasema, "Haya Mama, lala salama, nitarudi Jumamosi."

"Alhamdulillahi," mama mkwe alisema. Machozi yalikuwa yakimchirizika hadi kidevuni. Akanipapasa usoni mpaka akanishika shavu. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Sikujua, Mama. Siku ile sikujua, wallahi."

Akaniwekea kidole mdomoni, polepole, bila hasira yoyote.

"Usiape tena, mwanangu," alisema. "Hebu niwekee kutoka mwanzo."

Nikamwekea.