Timu Iliyopalilia Wimbi wa Mama

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mke wangu akinisikia nikisema hivyo hununa hadi jioni. Siku hiyo mama yangu aliamka mapema, akasonga ugali wa wimbi, yaani ulezi, akapika chinsaga, ile mboga chungu inayotaka maziwa na subira, akajaza chungu kizima cha uji. Alikuwa akiingojea timu ya mpira. Jua lilipanda, likasimama utosini, likaanza kushuka, na timu haikuja.

Mwanangu, juzi uliniuliza kama ni kweli hapa Keumbu palikuwa na timu ya ligi, na kama ilikuwepo, ilishinda nini. Haikushinda kitu. Lakini keti nikueleze, kwa maana haraka haraka haina baraka, na wewe una haraka ya kuku aliyeona mtama.

Timu yetu iliitwa Radi ya Keumbu. Huku kwetu radi haipigi hodi, na sisi tulidhani tutawaingilia watu vivyo hivyo. Tulicheza ligi ndogo ya wilaya, na tulicheza Jumapili tu, kwa sababu nusu ya wachezaji walikuwa Wasabato na Jumamosi hawagusi mpira. Kocha alikuwa Mzee Ombati, fundi wa baiskeli, Msabato wa kweli kweli, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume. Mimi nilikuwa beki wa akiba. Kusema kweli nilikuwa mlinzi wa benchi. Nililikalia vizuri lisiibwe.

Wazazi wa wakati ule hawakutaka kusikia habari za mpira. Kwao mpira ulikuwa uvivu uliovaa kaptura. Basi Mzee Ombati akawapiga chenga. Akaifanya timu iwe risaga, ule mtindo wetu wa zamani ambapo majirani hulima shamba la mmoja leo, na la mwenzake wiki ijayo, na mwenye shamba huwapikia. Kila Alhamisi timu nzima ilikwenda kwa mchezaji mmoja, tukalima, tukala, kisha tukashuka uwanjani kufanya mazoezi. Baba aliyelimiwa shamba na kundi la vijana wenye nguvu atauchukia mpira kwa mdomo gani? Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, na hata baba wa nahodha wetu Mogaka, mzee mkali kama pilipili, alianza kuuliza mechi ni lini.

Alhamisi ninayoisema ilikuwa zamu ya kwetu. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, akija nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Mama alikuwa amepanda wimbi, na magugu yalikuwa yameushika shingoni. Wimbi haupaliliwi kwa jembe. Unapiga magoti na kung'oa kwa vidole, kwa sababu lipo gugu linalofanana nao kama pacha, na asiyejua huacha gugu akang'oa chakula. Mama peke yake asingemaliza kabla ya wimbi kusongwa na magugu, na wimbi ule ndio uliokuwa ugali wetu wa mwaka mzima.

Lakini Jumapili iliyofuata tulikuwa na mechi na timu ya Nyamira. Timu ambayo ingeshinda ingepanda ligi ya mkoa. Mfanyabiashara aliyetupa jezi na pikapu ya safari alikuwa ametuambia wazi kwamba tusipopanda, yeye amemalizana nasi. Kwa hiyo Mogaka akawashawishi wenzake, Mzee Ombati akiwa ameenda Kisii kutafuta spea, kwamba wiki hiyo wasilime, miguu ipumzike. Hakuna aliyekuja kutuambia.

Mama alifunika chungu. "Labda wamesahau," akasema.

"Hawajasahau, Mama," nikamjibu. Niliona aibu kwa ajili yake, kwa maana hakuna aibu kama ya kupikia watu wasiokuja. Usiku nikaapa kwamba Jumapili siendi. Wapigwe, tena wapigwe vibaya.

Jumapili asubuhi nikasikia kikohozi shambani. Nilipotoka nikamwona Mzee Ombati yuko magotini katikati ya wimbi, kofia kichwani, anang'oa magugu. Alikuwa amezipata habari jioni iliyotangulia. Hakumfokea mtu. Alikuja tu kulima, na ufunguo wa sanduku la jezi ulikuwa mfukoni mwake.

Haukupita muda, timu ikafika ikimtafuta. Wengine walikuwa wametoka misa ya kwanza, viatu vinang'aa.

"Mzee, gari inangoja," Mogaka akasema.

"Wacha ingoje. Leo ni zamu ya hapa."

"Lakini tukichoka tutapigwa!"

"Basi tupigwe."

Wakatazamana. Mogaka akavua viatu, akakunja suruali, akapiga magoti. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na mama akawa anapita katikati yao akiwaonyesha gugu ni lipi na wimbi ni upi, kwa upole ule ule ambao angewaonyesha Alhamisi. Mimi nilisimama kando ya ua nimekunja mikono. Nilikuwa nafurahi, nisikudanganye. Niliona magoti ya suruali zao za kanisani yakiingia udongo, nikasema moyoni, bado, inameni zaidi.

Mzee Ombati akainua uso. "Okari, mbona umesimama?"

"Hiyo ni kazi yao, Mzee. Waliikimbia. Wacha waimalize."

Akaja hadi nilipokuwa, akateremsha sauti yake ya ng'ombe ili wenzangu wasisikie. Hata leo nashukuru kwa kule kuteremsha sauti.

"Wewe unataka hawa wateseke, ama unataka wimbi ya mama yako ipone? Chagua moja. Hizo mbili hazikai nyumba moja."

Nilikunjua mikono. Kisha nikaingia shambani, na nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kando ya Mogaka. Tulikwenda hatua kadhaa tuking'oa. Halafu akanionyesha mmea. "Hii ni wimbi ama ni magugu?"

"Ni magugu. Ng'oa."

Akang'oa. Hakusema mengine, nami sikumdai mengine. Wahenga walisema hasira hasara, na mimi hasara yangu iliishia hapo.

Tulimaliza kabla ya saa sita. Mama akawapa uji, tukapanda pikapu na udongo kwenye kucha. Nyamira wakatufunga mawili kwa moja. Mogaka alipata penalti dakika za mwisho, akaipiga kama mtu anayesukuma paka kwa mguu, kipa akaidaka bila kuinama sana. Miguu ilikuwa imebaki kwetu shambani, kila mtu aliliona hilo.

Njia nzima ya kurudi nilikaa nimeinamisha kichwa, nikingoja mmoja aseme, "Ni ule wimbi." Walikuwa na haki ya kusema. Pikapu ilipita Nyamira mjini, ikapita vijiji na vilima, wakazungumza habari ya refa, ya uwanja wenye mawe, ya kipa wa wenzetu mwenye mikono mirefu. Neno hilo halikutoka. Tulipofika njia ya kwetu Mogaka akateremka nami, akaenda mwenyewe hadi mlangoni.

"Mama, tumepigwa," akasema, na machozi yakamtoka.

Mama akamtazama. "Pole, mwanangu. Mmekula?"

Jezi zilichukuliwa, na msimu ulipokwisha timu ikafa. Vijana wakatawanyika, Nairobi, Kericho, mmoja akawa padri. Uwanja wenyewe sasa ni maduka na stendi ya bodaboda. Wimbi nao ulizaa, tukaula mwaka mzima, na kila nilipokata tonge nilijua umeokolewa na mikono ya nani. Nashukuru. Nawashukuru wote, walio hai na waliotangulia, na Mzee Ombati zaidi ya wote, aliyekubali timu yake ishindwe kuliko ishinde kwa njaa ya nyumba moja.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Ukiwaahidi watu mikono yako, wapelekee, hata kama kesho una jambo kubwa, kwa maana jambo kubwa haliishi, kila wiki lipo jingine. Na siku utakayokosewa, aliyekukosea akirudi akapiga magoti kufanya kazi, usisimame uani kuhesabu jasho lake. Shuka, umpe nafasi kando yako. Msamaha wa maneno ni mzuri, lakini wa mikono ndio unaoshibisha.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wenzako watakaokubali kufungwa kwa ajili ya chungu cha mama yako, na hata wakiwa na la kukulaumu, wanyamaze njia nzima hadi nyumbani.