Jogoo wa Kuonja Maji

Kila asubuhi jirani yetu hushuka mtoni na jogoo kwapani. Tangu mwaka 1969, wachimba dhahabu wa huko juu walipoanza kumwaga maji yenye zebaki, hamruhusu mtu kuteka kabla jogoo hajanywa. Humshika shingo kwa vidole viwili, kama daktari, akimtazama machoni.

“Omogaka, harakisha, watoto wana kiu!” wanawake humtania, wakimwita mzee kwa lugha yetu.

“Subirini, mtaalamu bado anafikiri.”

Jogoo akiwika, kijiji kizima kinateka. Jana, nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilijikaza nikamuuliza ni majogoo wangapi wameuawa na maji hayo.

“Hata mmoja, binti yangu,” alisema. “Akianza kuyumba tu, tunamchinja tunamla, kisha nanunua mwingine.”