Athieno na Neno "Toa"

Kibanda cha Athieno na changu vilitenganishwa na shuka kuukuu tu, pale Sofia, upande wa Uganda wa mji wetu wa Busia. Yeye alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mimi nauza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki. Kila asubuhi navuka kutoka Burumba, upande wa Kenya, na jioni narudi kwangu. Jina langu ni Leonida, lakini kwa sababu ya binti yangu wote sokoni huniita Mama Becky.

Athieno hakuwa na ndoto ya ualimu tangu utotoni, kama watu wanavyopenda kusema. Ilimjia akiwa na miaka ishirini na minane, akiwa amebeba furushi la sketi. Alikuwa amepeleka sare katika shule moja ya msingi hapa mjini, akasimama langoni kupiga soga na dereva wa lori kutoka Kenya. Mwalimu mkuu akamsikia. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa ameacha kazi, na huyu mama mshonaji anaongea Kiswahili kama maji! Akamwomba awashikie watoto darasa kwa muda, mpaka apatikane mtu.

Akawashikia muhula mzima. Siku za kufundisha alirudi kibandani na chaki kwenye nywele, akaketi mbele ya cherehani bila kuigusa, akinisimulia mtoto gani kasema nini. Nilikuwa namwambia, "Athieno, wenye sare wanakuja," naye anasema, "Ngoja kwanza, bado ya yule mdogo." Muhula ulipokwisha, mwalimu mkuu akamweleza ukweli. Watoto wamempenda, lakini bila cheti cha ualimu hawezi kumweka.

Kulikuwa na chuo nje kidogo ya mji wa Tororo kilichofundisha walimu wa Kiswahili. Cheti cha sekondari Athieno alikuwa nacho. Lililobaki lilikuwa mtihani wa kuingilia, na huo hakuuogopa hata kidogo. Tangu amefika Busia kutoka kwao Iyolwa, Kiswahili ndicho alichonunulia vitambaa, ndicho alichogombania bei, ndicho alichocheka nacho. Alikwenda kuufanya kama mtu anayekwenda dukani.

Matokeo yalipotoka alikuja kibandani kwangu akaketi juu ya kifurushi cha lastiki.

"Mama Becky, mimi nimeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Kwa ile ya kujaza. Wanaandika sentensi, wanaacha pengo, unaweka neno. Mimi najua hii Kiswahili! Kila siku naongea. Kwa nini karatasi inakataa mimi?"

Nikamwomba anikumbushe sentensi moja. Akasema kulikuwa na ya mama na sufuria: chakula kilipoiva, mama alifanya nini sufuria motoni? Yeye aliandika alitoa. Nikauliza nyingine. Mvua ilipoanza kunyesha, msichana alikimbia kufanya nini nguo kambani? Aliandika kutoa. Na daktari wa meno?

"Alitoa jino."

"Na mtu aliyekanyaga mwiba?"

Akanitazama. "Alitoa," akasema polepole, na tukaanza kucheka sote wawili, tukacheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua zipu akaondoka zake. Kisha kicheko cha Athieno kikageuka, nikaona anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Sikumcheka tena. Hata mimi sokoni natoa sufuria, natoa nguo, natoa jino. Kiswahili cha mpakani hakichagui maneno. Moja likifanya kazi ya kumi, nani analalamika? Lakini karatasi ililalamika, na mtihani ungerudi baada ya mwaka.

Nyumbani kwangu vilikuwako vitabu vya Becky vya Kidato cha Nne, vilivyojaa mazoezi ya kujaza mapengo. Nikavivusha mpaka. Nilisoma Kiswahili vizuri nikiwa shule, ila ilikuwa zamani, hivyo mara nyingi ilibidi nichungulie majibu nyuma ya kitabu kabla ya kumuuliza. Mimi nilisoma sentensi kwa sauti kupitia pazia, na nilipofika penye pengo yeye aliacha kukanyaga cherehani. Kimya kile kilinionyesha kuwa anatafuta.

"Chakula kilipoiva, mama ali... sufuria."

"Aliepua."

"Fundi ali... mshono uliokwenda upande."

Kimya. Kisha akapiga ukelele. "Alifumua! Hiyo ndiyo nafanya kila siku!" Na kweli alikuwa na wembe mkononi, anafumua kola.

Wateja nao walianza kuingilia. Brayo, kijana wa bodaboda, alikuja kurekebishiwa jaketi akakuta tuko kwenye sentensi ya mwizi aliyewaona polisi.

"Alihepa!" akasema.

"Kitabu kinasema alitoroka," nikamwambia.

"Mathe, mwizi ni yule yule na bado hajashikwa."

Kilichomsumbua Athieno zaidi hakikuwa maneno yenyewe. Ni vile vijineno vinavyofuata pengo, ambavyo yeye hakuwahi kuvijali. Kwake vitu vyote vilikuwa "ya": kitu ya mtoto, mti ya jirani, watu ya soko. Siku moja nikamsomea, "Mjomba alileta... wa ndizi." Akajibu chane.

"Ingekuwa chane, wangeandika ya ndizi," nikamwambia. "Wameandika wa. Neno gani la ndizi linakubali wa?"

Alifikiri sana. "Mkungu."

"Mkungu wa ndizi. Umeona? Kabla hujajaza, tazama kinachofuata. Chenyewe kinakuambia."

Akaja upande wangu wa pazia, akachukua kitabu, akaanza kupitia mapengo yote ya ukurasa ule kwa kidole, akitazama mbele na nyuma ya kila moja kama mtu anayepapasa kitambaa kujua upande wa nje. Tangu siku hiyo alianza kusonga mbele.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwao. Mwisho wa kila mwezi Athieno alikwenda Iyolwa kumwona mama yake, Mama Provia, na huko kitabu kilibaki ndani ya mfuko. Mama yule hakutaka kusikia Kiswahili chini ya paa lake. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Athieno akanieleza. Mama yake alipokuwa msichana, mwaka ule wa vita, askari waliokuwa wakikimbia walipitia kijijini kwao. Walichukua mbuzi, wakachukua baiskeli, na kaka yake mkubwa akaondoka nao akibebeshwa mzigo. Hakurudi. Kiswahili ndiyo lugha waliyofoka nayo.

"Nikimwambia nataka kuifundisha watoto," Athieno alisema, "anaangalia mimi kama nimeleta nyoka."

Mwezi wa saba alinialika twende wote, maana karanga zilikuwa zimevunwa na mikono ilihitajika. Mama yangu mzazi alikuwa Mjaluo wa Ugenya, na Kijaluo na Kidhopadhola cha kwao Athieno ni ndugu wa karibu, kwa hiyo mimi na Mama Provia tulielewana bila mkalimani. Alinipenda. Alinipa ugali wa wimbi na akaniuliza habari za Becky kana kwamba ni mjukuu wake. Kiswahili hatukukitaja.

Mchana tulikuwa jikoni, na karanga zimetandazwa uani juu ya turubai. Mimi ndiye niliyetoka kwanza nikaona wingu, jeusi, tayari limefika kwa jirani. Mtu akishtuka hachagui lugha. Nikapaza sauti ya sokoni:

"Anueni! Anueni upesi!"

Athieno akachomoka mbio. Mama Provia alikuwa nyuma yake mlangoni, na nilipogeuka nikamwona amesimama wima, mikono kifuani, macho hayatazami karanga wala mvua. Matone ya kwanza yalimpiga usoni. Athieno akamwita kwa lugha yao, "Mama, karanga!" Ndipo akashtuka, akaja, akashika ncha ya turubai. Tukakunja, tukaburura, tukaingiza zote ndani kabla mvua haijamwagika.

Tuliketi tumelowa, tukihema. Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua nianzie wapi. Akaanza yeye.

"Lile neno ulilopiga kelele ni lipi?"

"Anua," nikasema. "Ni kuingiza kitu kilichoanikwa, mvua isikipige."

"Anua." Alilisema taratibu, mara mbili. "Mimi Kiswahili ninachojua ni toa, na lala chini. Sikujua kina neno la kuokoa karanga."

Mvua ilipiga mabati kwa nguvu. Baada ya kitambo Athieno akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitabu, akakiweka magotini bila kukifungua. Mama yake alikitazama.

"Soma basi," akasema. "Si ndicho kinachokukondesha hivyo huko Busia."

Athieno akatafuta sentensi rahisi, akaisoma kwa Kiswahili, kisha akaifafanua kwa lugha yao. Mtoto amecheza kutwa nzima, amechoka, anamwambia mama yake anataka ku... nini?

Mama Provia aligeuka akatazama mlango.

"Lala," akasema. Kisha akatikisa kichwa kidogo. "Bila chini."

Athieno akamwegemea bega. Tukaendelea na sentensi mpaka mvua ikakatika, nyingine mama akikosea vibaya na kucheka mwenyewe.

Mtihani ulifika. Athieno alisafiri mapema, akalala kwa binamu yake mjini Tororo ili asichelewe. Mimi sikufanya biashara ya maana siku hiyo. Nilimuuzia mtu vifungo vya shati vya rangi mbili tofauti.

Aliporudi alinieleza kila kitu akiwa bado hajavua mkoba. Kulikuwa na sentensi iliyomtoa jasho: bibi harusi alivaa nini wa dhahabu shingoni? Kalamu ilikuwa tayari imeandika herufi za kwanza za cheni. Akaona wa. Akafuta. Kichwani mwake alizunguka soko lote, meza moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwa muuza mapambo mmoja Mkenya anayependa kuwaita wateja kwa Kiswahili cha kujidai, "Karibu, dada, mkufu wako huu!" Akaandika mkufu.

"Moja niliacha wazi," akaongeza. "Sikulijua kabisa. Nilikataa kuweka toa."

Wiki chache baadaye chuo kikampigia simu kumwita kwa mahojiano. Walimu watatu walimketisha wakamuuliza kwa nini anataka kufundisha Kiswahili. Aliwaambia habari za mama yake. Aliwaambia, "Watu mingi hapa kwetu walisikia Kiswahili kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Mimi nataka mtoto akisikie kwanza kwa mwalimu wake."

"Watu wengi," mmoja wao akamsahihisha.

"Watu wengi," Athieno akarudia, na akaendelea mbele bila kutetereka.

Wakamchukua. Walimpa sharti la kuhudhuria masomo ya ziada ya sarufi muhula wa kwanza, na yeye akasema hata wasingemwambia angeyaomba. Aliuza cherehani moja kati ya mbili, akanunua godoro na ndoo. Mama Provia alimletea karanga za kukaanga, akamshikia ndoo mpaka ndani ya bweni, na kabla ya kuondoka alizunguka akitazama vitanda vya wasichana wengine, akiuliza kila mmoja ametoka wapi.

Sasa Athieno yuko mwaka wa pili. Muhula uliopita walimpeleka Molo, ile ya huko huko Tororo, kufanya mazoezi ya kufundisha, darasa la watoto wengi na madawati machache, na aliniambia kwamba siku ya mwisho hawakutaka kumwachilia aende. Likizo hurudi Sofia, akashona sare kwa cherehani iliyobaki, na mimi nimeshaiondoa ile shuka ya katikati ili tuonane vizuri.

Juzi nilikuwa nahesabu bidhaa nikasema mavitu yamebaki machache. Akainua kichwa kutoka kwenye pindo la sketi, akanitazama kwa subira ya kimwalimu.

"Mama Becky. Mavitu?"

"Mwalimu," nikamwambia, "nisamehe mpaka nifunge duka."

Akacheka, akainama tena kwenye sketi. Kisha, bila kuinua macho, akaniuliza kama najua jina la kitambaa kidogo kinachoshonwa kwapani mwa nguo ili isibane. Sikulijua. Yeye alilijua, wamemfundisha huko Tororo, na aliniacha nihangaike kulitafuta hadi jioni.