Duka Lisiloruhusu Dakika Nne

Saa kumi na robo alfajiri, muuza duka anasimama kwa mguu mmoja, kisha anahamia mwingine. Macho yake yapo kwenye mlango wa mbele, masikio kwenye wa nyuma, ambako lori la mizigo litafika wakati wowote. Mteja mmoja ananunua betri, mwingine maziwa ya mtoto, na wote wanaagwa kwa tabasamu.

Si uchovu unaomsimamisha hivyo. Amebanwa na haja ndogo tangu saa saba.

Choo kipo, hatua kumi na moja kutoka kaunta, amezihesabu. Lakini usiku yuko peke yake, na kanuni ya kampuni inasema kaunta isiachwe wala mlango usifungwe. Tena ataufunga kwa kitu gani? Mlango wa vioo hauna kitasa. Fundi aliyeuweka aliona ni kupoteza pesa, maana duka linauza saa ishirini na nne.

"Mama yangu akaniuliza, 'Mwanangu, hilo duka halina choo?' Nikamwambia choo kipo, mama, sina wa kuniangalizia duka," anasema mama huyu wa watoto wawili, ambaye wateja wamembandika jina la Mama Macho.

Anafanya zamu ya saa kumi mfululizo, usiku sita kwa wiki, na huu ni mwaka wa tano. Mwaka huu pekee ametibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu.

"Daktari ananiambia ninywe maji mengi. Nilicheka mpaka akashangaa. Nikiyanywa, daktari wangu, nitayapeleka wapi?"

Zamani aliyemwokoa ni dereva wa lori. Alipomaliza kushusha mikate, maziwa na soda, alikuwa akisimama kaunta huku Mama Macho akikimbilia nyuma. Bei zote anazijua kwa kichwa.

Miezi mitatu iliyopita, kampuni ilifunga kwenye lori kifaa cha kuhesabu muda. Maduka kumi na manne, kila moja dakika kumi na mbili, kushusha na kusainiwa humo humo. Dereva alipitiliza dakika tano mara moja tu, akaitwa ofisini.

"Walinifokea kama mtoto," anasema. "Sasa hata kumsalimia dada huyu vizuri naona kama naiba."

Ndipo likatokea la mlango. Usiku mmoja, lori lilipokwisha kuondoka, Mama Macho alizidiwa. Akachomoa kamba ya plastiki kwenye kreti ya maziwa, akafunga vishikio vya mlango kwa fundo la haraka, akakimbia. Dakika nne. Ila fundo lilikaza, na aliporudi ilibidi alikate kwa meno huku mteja, nje ya kioo, akipiga simu kwenye namba ya malalamiko.

Barua ikaja siku mbili baadaye: amefunga duka bila idhini, afike kujieleza Alhamisi asubuhi, anaweza kuachishwa kazi. Nyumbani watu wanne wanakula kwa mshahara huo.

Alipoulizwa kwa simu, msimamizi wa maduka alijibu, "Mfanyakazi makini hupanga mahitaji yake." Makini! Kampuni inajua kila mkate ulipo kati ya ghala na rafu, ila haina habari kwamba anayeupanga mkate huo ni binadamu. Ni aibu, na aibu hiyo si ya mwanamke aliyefunga mlango.

Alhamisi ni kesho. Mama Macho hataomba radhi. Ameandika ombi la mistari mitatu: kitasa mlangoni, na dakika kumi za kufunga, mara mbili kila zamu. Juzi alilichomeka katikati ya hati za mizigo za dereva, ili lipite duka kwa duka na kila muuzaji wa usiku asaini anapopokea mikate.

"Wakinifukuza, wafukuze na wenzangu, tuone nani atawauzia," anasema.

Saa kumi na nusu lori linarudi nyuma kuelekea mlango wa stoo. Hili ni duka la kumi na nne, la mwisho. Dereva anashusha kreti mbio mbio, kisha anatoa karatasi, imekunjamana na ina alama ya chai.

"Wote kumi na watatu, dada. Yule wa kituo cha mafuta alikuwa analia akisaini."

Mama Macho anaisoma jina kwa jina. Anaweka sahihi yake chini kabisa, anaikunja, anaitia kifuani.

"Kaka, zimebaki dakika ngapi?"

"Mbili."

"Na ukichelewa?"

Dereva anavua kofia, anazunguka na kuingia nyuma ya kaunta.

"Nenda, dada. Alhamisi tutaitwa wawili."